Fundi wa Milizamu Katika Mji Usio na Mvua

Fundi hakuamini gata mpaka aisikie. Akishamaliza kuifunga ukingoni mwa paa ikinge maji ya mvua, wenzake wakikusanya vyombo na dereva akipiga honi, yeye alipanda ngazi tena na birika la maji, akamimina kidogo kidogo upande wa juu, kisha akashuka mbio kuliko umri wake ulivyoruhusu na kutega sikio kwenye mdomo wa bomba la chini. Maji yakija mfululizo aliitikia kwa kichwa. Yakija kwa kusitasita alisema, "Yamelala pahala," na kazi ilifunguliwa upya, hata jua likiwa la utosini. Wenzake walimchukia kwa hilo. Nami nilimchukia, maana ndimi niliyekuwa nikipokea simu ofisini, na kila alipochelewa nyumba moja ni mimi niliyetukanwa na madam wa nyumba iliyofuata.

Jina lake nalijua, ila silitaji. Wapakistani na Wanepali walimwita Ustad, arbab, mwenye kampuni, alimwita Mzee kwa Kiingereza na kwa dharau, sisi wa Afrika Mashariki tulimwita Fundi. Alitoka Unguja, akakaa Kanada miaka mingi akifunga gata kwenye nyumba mpya za pembezoni mwa miji, kisha akaja Dubai, akaajiriwa kwenye kampuni yetu ndogo ya matengenezo ya nyumba. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ambaye alibaki kule kule kwenye baridi na ambaye hakuwa amemjibu baba yake neno hata moja tangu mzee aondoke. Binti huyo, mzee alisikia kwa watu, alikuwa amenunua nyumba, mpya kabisa, katika mtaa ambao miti yake bado ilikuwa imefungiwa vijiti isianguke. Fundi alitaka kitu kimoja duniani: binti yake amjibu. Nilipolijua hilo ndipo chuki yangu ilipoanza kuniishia.

Watu hucheka wakisikia kwamba Dubai kuna mtu ambaye kazi yake ni gata. Unaweza kumaliza kiangazi kizima huku hujaona wingu. Lakini mitaa mipya inayomea jangwani ina mapaa ya vigae ya kuigiza Ulaya, na gata za kuigiza Ulaya, na mvua ikija huja yote siku moja kama mgeni aliyekosa adabu. Kosa la gata huku linaweza kukaa miezi na miezi bila kujulikana. Aliyelifanya keshalipwa mshahara, keshabadilisha kampuni, pengine keshapanda ndege kurudi kwao, ndipo maji yanaanza kudondoka kupitia taa ya sebuleni na madam ananipigia simu mimi. Nilipokea simu za namna hiyo mpaka nikajua kutofautisha kwa sauti tu kama maji yamefika kwenye zulia au bado.

Mara moja tulikabidhi safu nzima ya nyumba. Arbab alikuja na karatasi, Fundi akakataa kutia sahihi kwa sababu gata za upande wa nyuma hazikuwa na mteremko. Nilikuwapo, nimepeleka funguo.

"Khalas, basi, weka sahihi," arbab akamwambia. "Nani ataona mteremko huko juu?"

"Mvua itaona, sir."

"Inshallah hainyeshi."

"Inshallah," Fundi akasema, na kalamu hakuigusa.

Zilifunguliwa zote. Dereva aliniambia njiani kwamba yule mzee anajiona malaika. Mvua ilipokuja mwaka ule nilikaa na simu tangu asubuhi mpaka jioni, mji mzima ukipiga, na ule mtaa haukupiga hata mara moja. Nilimwambia Fundi kwamba ukimfungia mtu gata nzuri hatajua hata kama upo duniani, nikidhani namsifu. Akanijibu, "Ndo inavotakiwa, bibi wa bara." Aliniita hivyo siku zote, bibi wa bara, kwa kuwa natoka Nyandarua, mbali na pwani, na Kiswahili changu kilimkera.

Alikuwa mtu wa maneno machache sana, na sijui kama aliwahi kumuuliza mtu habari za mkewe au watoto. Lakini ukigusa gata za nchi za baridi ulikuwa umefungua bomba lisilofungika. Ndani ya gari la kazi, joto la Agosti, shati limemganda mgongoni, Fundi anaeleza theluji! Kwamba wajenzi wa nyumba mpya huweka gata nyembamba kwa sababu mnunuzi hutazama jiko, hatazami paa. Kwamba uchukue ya aluminiamu iliyokunjwa papo hapo kwa urefu mmoja, kwani kila kiungo ni tundu linalosubiri siku yake. Kwamba bomba la kushushia liwe pana, maana jembamba huziba kwa barafu kama koo la mtu mwenye mafindofindo. Na kwamba ukiona barafu imening'inia ukingoni mwa paa usiilaumu gata, paa ndilo linavujisha joto la ndani. Theluji inayeyuka juu, inashuka, inaganda pembeni, na maji yanayofuata yanakosa njia yanarudi chini ya vigae. Wenzake walimsikiliza kwa heshima wakiwaza chakula. Mnepali mmoja tu, aliyekulia milimani, ndiye aliyekuwa akisema "Sahihi, Ustad, sahihi," na Fundi alimpenda huyo kuliko wengine wote.

Nilidhani ni majivuno ya mtu aliyewahi kukaa ng'ambo. Tunao wengi wa aina hiyo.

Niliujua ukweli Jumapili moja. Nilikuwa nimetoka kanisani, nikapita mtaa wa Naif kumtumia mama shuka kwa wafanyabiashara wa kwetu wanaofunga mizigo, nikamkuta Fundi kwenye mkahawa mdogo chini ya jengo alilokuwa akiishi, ameishika simu mbali na uso kama mtu anayejaribu kusoma bango la barabarani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, ingawa kazini alilificha. Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa alishanifundisha kwamba "niaje" si salamu ya kumpa mtu mzima.

"Marahaba. Kaa. Hebu nisomee, hapa pana alama ngapi?"

"Moja tu, Fundi. Hii message haijafika."

"Tangu lini?"

Nilipandisha juu. Ilikuwa ni safu ndefu ya ujumbe wake, kila mmoja na alama moja ya kijivu, mwezi juu ya mwezi. Nilimwambia taratibu kwamba huyu mtu amemfungia, ujumbe wake haumfikii. Akakoroga chai ya karak ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. Kisha akaniuliza kama simu yangu ingefika. Sikujua nasema nini nilipokubali. Nadhani nilikubali kwa sababu baba yangu mwenyewe hajui kusoma na aliyekuwa akimsomea barua zetu alikuwa mwalimu jirani ambaye hakuchoka.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya kanisa nilipita Naif. Yeye alisema, mimi niliandika, na kwa simu yangu ujumbe ulifika. Alama mbili, kisha zinageuka buluu. Binti alikuwa akisoma. Hakujibu, lakini alisoma, na Fundi aliishi wiki nzima kwa hilo. Alipoulizwa na mtu habari za binti yake alisema, "Yupo, tunaandikiana," na mimi niliinamisha kichwa.

Jumbe zile ninazo zote mpaka leo. "Mwanangu, nyumba mpya udongo wa kando ya msingi hushuka miaka ya mwanzo. Tazama maji yasirudi ukutani." "Mwanangu, usikubali mlizamu wa plastiki. Baridi ikikaza hupasuka." Mlizamu ndiyo gata kwa Kiunguja chake, na hakukubali niandike neno lingine. "Usisafishe mapema. Ngoja jani la mwisho lianguke, ndipo upandishe ngazi, na mtu akushikie chini." "Vibanio viwe karibu karibu, theluji ni nzito kuliko inavyoonekana." Na kila ujumbe, uwe unahusu nini, uliishia na mstari mmoja: "Mdomo wa bomba usielekee mlangoni."

"Fundi, hii ni barua ama ni kitabu cha maelekezo cha friji?" nilimtania siku moja.

"Andika tu, bibi wa bara. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Niliandika. Nilikuwa mwandishi mtiifu kuliko nilivyopaswa kuwa, na hilo nalijutia.

Chumba chake ghorofa ya tatu nilikiona mara moja tu, mlangoni, alipougua homa na nikampelekea supu. Vitanda sita vya kupandana, nguo zimetundikwa kwenye nondo, na juu ya kitanda chake bomba la kiyoyozi lilikuwa likidondosha maji ndani ya ndoo ya rangi. Mtu aliyefungua safu nzima ya nyumba za matajiri kwa ajili ya mteremko mdogo alikuwa akilala miaka mitatu chini ya tone. Wenzake wa chumbani waliniomba nimsemeshe. Nilimsemesha. Akasema atalitengeneza kesho. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliyelitengeneza ni kijana wa Uganda anayelinda duka la simu, kwa kisu na gundi.

Na mvua aliiogopa. Hilo lilinichukua muda kulikubali. Siku ya mvua, siku ambayo kampuni ilimhitaji kuliko siku zote, alikaa ndani ya gari na vioo vimepandishwa. Nilimpigia simu mara kumi: Fundi, kuna nyumba inazama, Fundi, madam analia. Alisema kazi ya mlizamu hufanywa kukiwa kukavu, asiyejua hilo si fundi. Dereva aliniambia alimwona ameibana mikono yake katikati ya magoti. Arbab alikata siku zile kwenye mshahara wake, naye hakulalamika.

Mambo mengine yalikuwa ya kuchekesha tu. Hakunywa maji kazini mbele ya watu, alisema mwenye kiu haoni vizuri, jambo ambalo ni sababu ya kunywa, si ya kuacha. Alibeba kijichupa cha mafuta ya karafuu na kuwapaka Wanepali paji la uso bila kuwauliza. Alikuwa akiwaita njiwa "maadui", kwa sababu kinyesi chao kikichanganyika na vumbi na umande hufanya kitu kigumu kama saruji ndani ya gata, lakini nilimfumania zaidi ya mara moja akiwamwagia makombo ya mkate nyuma ya ofisi. Nilipomuuliza, alisema anawashibisha ili wasipande juu.

Jumapili moja tulibishana. Ilianza kwa mzaha. Nilimwambia kwamba yeye na Kanada yake wanajua nusu tu ya gata, ile ya kuyafukuza maji. Kwetu Nyandarua gata ni ya kuyaleta. Mvua ikianza kutisha mama anapiga kelele mtoto mmoja akimbie kugeuza bomba lielekee kwenye tangi, na ole wako kama umesahau, maana ndiyo maji ya kupikia, ya kufulia, ya ng'ombe. Nilimweleza nilivyowahi kusahau na nikachapwa nikiwa nimeloa. Nilikuwa nacheka. Nikamtazama, nikaona hacheki, na chai yake ilikuwa imemwagika kwenye kisahani.

"Na mimi nilimgeuzia," akasema.

"Ulimgeuzia nani?"

"Mama yake. Mama yake binti." Alisubiri mhudumu apite. "Alikuwa na mirihani. Kaipanda kwenye makopo hapo mlangoni, Kanada, kiangazi kikija tu. Basi akasema maji ya mfereji wa jikoni yana dawa, yanaiunguza majani, yeye anataka ya mvua. Nikamgeuzia mlizamu, bibi wa bara. Mdomo nikauleta mlangoni, maji yaanguke kwenye ndoo yake. Mimi! Nnaewapa watu darsa!"

"Si ulimfanyia mazuri tu?"

"Kiangazi hapana taabu. Ilistawi. Akifunga vikuba vya majani yake, akitia chini ya mto, nyumba yote inanukia Unguja. Ilipokuja baridi binti akanambia, baba, geuza bomba. Nikamwambia kesho. Akanambia tena. Kesho. Nilikuwa natoka asubuhi kwenda kufunga milizamu ya watu."

"Mganga hajigangi," nikasema. Natamani ningeuma ulimi.

"Hajigangi," akakubali. "Basi mchana jua likatoka kidogo, theluji ya paani ikayeyuka. Usiku ikaganda pale kizingitini, nyembamba, huioni. Asubuhi mama wa watu katoka kutupa taka, kateleza. Siku tatu hospitali. Ya tatu akafa."

Nililia pale pale, mkahawani, mbele ya watu wa mizigo na utepe wao wa kufungia maboksi. Yeye hakulia. Aliniambia nichukue simu, tuandike. Aliisema sentensi ile ile kuhusu mdomo wa bomba, na safari hii vidole vyangu havikutaka kuiandika, kwa kuwa sasa nilijua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiomba msamaha kwa njia pekee aliyoijua. Nikadhani nimeelewa kila kitu. Nikamkasirikia yule binti, moyoni, kwa dhati. Nikasema watu wa ng'ambo wameota magamba moyoni, mzazi anakulilia hivi na wewe unasoma na kunyamaza. Nilimchukia mtu nisiyemjua kwa mwaka mzima, na chuki ile ilinipa raha fulani ambayo leo inanitia haya.

Kisha kampuni ikamtoa. Siri ya macho ilifichuka, alikosea hatua ya ngazi, hakuumia, ila arbab akasema khalas. Jamaa yake mmoja, katika hizi familia za Kizanzibari zilizokaa Dubai tangu zamani, alimchukua akae kwenye stoo yake ya viungo kule Al Ras, awe anatazama mlango na kupokea wachukuzi. Mimi nikapata kazi hotelini Al Rigga, kusimamia usafi wa vyumba. Jumapili zangu hazikuwa zangu tena. Mwanzo nilimpigia simu, kisha nikapunguza, kisha ikawa naona jina lake kwenye simu nikiwa na shuka mikononi nasema nitampigia baadaye. Ujumbe kwa binti ukakoma kwa sababu mimi nilikoma. Hakunilaumu. Angelaumu ningejisikia vizuri zaidi.

Mwaka huu, nadhani kwa kuona aibu, nilifanya jambo bila kumwomba ruhusa. Nilimwandikia binti kwa jina langu. Nilimwambia mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kwa niaba ya baba yake, kwamba macho yamefifia sana, kwamba anaeleza milizamu mpaka kwa wachukuzi wa mdalasini. Nikaongeza, na hapa nilikuwa mkali, kwamba ajali ni ajali na mtu haachi kumsamehe baba yake kwa sababu ya barafu. Alama zikageuka buluu. Wiki mbili kimya. Halafu siku moja, nikiwa kwenye chumba cha mashuka, ukaingia ujumbe wake wa sauti. Niliusikiliza nimesimama, nikausikiliza tena nimekaa juu ya rundo la taulo. Nilikaa nao siku tatu kabla sijapata moyo wa kwenda Al Ras.

Nilikwenda alasiri. Wachukuzi walikuwa wakisukuma rukwama zao kwenye kichochoro, na Fundi alikuwa mlangoni juu ya kiti cha plastiki, kofia yake imefuliwa, uso umekonda. Nilimwamkia akanijua kwa sauti. Hakuuliza nilikuwa wapi. Aliagiza chai, akanieleza kwamba mwenye stoo amefunga bomba la mvua hapo nyuma na limefungwa ovyo, analisikia. Nikamkatiza.

"Fundi, binti yako amejibu."

Aliweka mikono yote miwili juu ya magoti. "Kakwambia nini?"

"Hajaandika. Ni sauti. Nikuwekee?"

"Kwanza nambie. Ni wa kheri?"

Nikabonyeza.

Sauti ya binti ilikuwa nzito, Kiunguja chake kimekwamakwama kidogo kwa kukosa wa kuzungumza naye. Alisema: "Dada, asalaam aleikum. Ahsante kwa kumtazama baba. Mwambie milizamu yangu mizima, kuna mtu anakuja kila mwaka baada ya majani. Lakini wewe umesema barafu. Dada, mimi sikumlaumu baba kwa barafu hata siku moja. Mama mwenyewe ndo aliyeomba bomba ligeuzwe, na mimi nilikuwa nyumbani, nina mikono, ningeligeuza. Mimi siku ile ya tatu nilimpigia simu mara nne. Daktari kaniambia mwite baba yako sasa hivi. Baba alikwenda nyumbani kuchukua nguo za mama, na hakurudi. Jirani ndo aliyemkuta, yuko juu ya ngazi na maji ya moto anayeyusha barafu, anageuza bomba. Amekuja mama keshafunikwa. Nilikuwa peke yangu mle ndani, dada. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kisha akaihama na nchi. Na miaka yote hii ananiandikia bomba. Bomba, bomba. Hajawahi kuniuliza hata siku moja mama alisemaje."

Ikaisha. Rukwama moja ilikwama mbele yetu na mchukuzi akaomba njia, nikavuta kiti changu. Fundi hakuvuta chake, mchukuzi akamzunguka.

"Weka tena," akasema.

Niliweka tena. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu kabisa na simu. Ulipofika pale pa ngazi akafumba macho, na nilitaka kuuzima, ila mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Ilipoisha mara ya pili nilimwuliza kama ni kweli. Swali la kijinga, lakini nililiuliza.

"Nilisema nusu saa," akasema. "Nilisema nikiligeuza, basi. Lilikuwa limeganda mpaka ndani." Akapangusa mdomo. "Simu nilikuwa nayo mfukoni. Ikilia naisikia. Nikajua wananiita kwa lile jambo, na mimi nikasema acha kwanza nimalize."

Nilimhurumia, na wakati huo huo nilimkasirikia kwa niaba ya msichana wa miaka kumi na saba ambaye nilikuwa nimemchukia mwaka mzima bure. Vyote viwili vilikuwamo kifuani na sikujaribu kuvitenganisha.

"Huko sasa hivi n'saa ngapi?"

"Asubuhi. Ameamka, nafikiri."

"Nishikie hapo pa kusemea."

Nilishika. Aliinama karibu, kelele za sokoni zikirekodiwa. Halafu akasema, "Mwanangu. Ni baba. Mama yako alisemaje?" Nikaachia, ikaenda.

Zikageuka buluu kabla hata chai haijaletwa. Tuliona, yaani mimi niliona nikamwambia, kwamba anarekodi, kisha ameacha, kisha anarekodi tena. Chai ikaja ikapoa. Mwenye stoo alitoka akamwita Fundi ndani kwa mzigo wa iliki, akatutazama, akarudi ndani mwenyewe. Jibu lilipoingia lilikuwa fupi sana, nikadhani amekosea kubonyeza.

"Aliuliza uko wapi," binti akasema. "Nikamwambia uko njiani."

Fundi aliichukua simu kutoka mkononi mwangu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni, na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtu aliyeulizwa jambo na mkewe, akasema, "Sikuwa njiani."

Hakuwa amebonyeza popote. Niliupeleka mkono wangu, nikamshikia pale pa kusemea.

"Sema tena, Fundi," nikamwambia. "Haikukusikia."